Marshall alitega, Capablanca akala chambo akijua ni chambo (New York, 1918)

Kitunda wa Saba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi uzi wa mchezo mmoja tu wa chesi, tuutafune polepole, badala ya kila siku kubishana nani alikuwa mkali kuliko nani. Huu hapa. Toa ubao au fungua programu kwenye simu, maana bila kusogeza kete utaona maneno matupu.

Kuhusu majina: mimi naandika mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na kitunda. Wapo mnaosema pouni, wapo mnaosema askari, sina ugomvi. "Kupishana" ni ile hatua ambayo mfalme anaruka miraba miwili na ngome inamvuka. "Cheki" ni mfalme kushambuliwa, "chekimeti" ni kushambuliwa bila pa kukimbilia. Herufi na namba kama e4 ni jina la mraba: herufi ni safu, a mpaka h, namba ni mstari, 1 mpaka 8 kuanzia upande wa mweupe.

Tuko New York, tarehe 23 Oktoba 1918. Vita Kuu haijaisha, imebaki chini ya wiki tatu. Homa ya mafua ya mwaka ule inaua watu mjini. Ndani ya ukumbi watu 7 wanaanza mashindano, kila mmoja atakutana na mwenzake mara mbili. Raundi ya kwanza kabisa inawakalisha meza moja José Raúl Capablanca wa Kuba na Frank Marshall wa Marekani.

Hawa si wageni kwa mwenzao. Mwaka 1909 Marshall, akiwa tayari jina kubwa, alikubali kucheza mechi na kijana wa miaka 20 kutoka Havana. Alichapwa michezo 8, akashinda 1, sare 14. Yaani alimfungulia kijana mlango wa dunia kwa mgongo wake mwenyewe. Na tangu 1916 Capa alikuwa hajafungwa na mtu.

Capa ana kete nyeupe. Wanaingia ufunguzi wa Kihispania, ule wa Ruy Lopez:

1. e4, e5
2. farasi f3, farasi c6
3. askofu b5, a6
4. askofu a4, farasi f6
5. Mweupe anapishana, askofu e7
6. ngome e1, b5
7. askofu b3, mweusi naye anapishana
8. c3, na hapa Marshall anasukuma d5

Siku zile kawaida ya mweusi hapa ilikuwa d6, hatua ya mtu mpole anayefunga geti lake na kulala. Marshall akafungua geti, akawasha taa, akakaa kando.

9. e4 inakula d5, farasi anakula d5. Sasa kitunda cheusi cha e5 kimebaki na mlinzi mmoja tu, farasi wa c6, huku mweupe ana farasi na ngome vyote vinakitazama. Kinalika. Swali la kwanza la uzi: mngekula?

---

Ngome Mbovu

Nimeweka kigoda. Mimi nimeshakula hicho kitunda maishani mwangu, nitasimulia baadaye, kidonda bado kibichi.

---

Mzee wa Drafti

Mimi sijui chesi sana lakini hiyo kitu naifahamu kuliko mnavyodhani. Kwenye drafti hapa kijiweni kwetu mtu akikupa kete bure, ujue nyuma kuna tatu zako zinaondoka. Tofauti ni kwamba drafti kula ni lazima. Na bao vilevile, ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, huna ruhusa ya kutakata, kucheza bila kula; lazima ule. Kwa hiyo mtego wetu ni wa haki: mtu anaingia kwa sababu sheria inamsukuma. Ninyi mna uhuru wa kukataa halafu bado mnaingia? Mimi singekula. Ningeachana nacho nikasogeza kingine.

---

Kitunda wa Saba

Mzee wa Drafti umegonga penyewe kabisa. Hilo ndilo lililonifanya niandike uzi.

Capa hakulazimishwa na sheria yoyote. Na hakuwa mjinga, alijua. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba alifikiri kidogo kabla ya hatua ya 10, akijua kwamba akila atashambuliwa vikali, na kwamba mwenzake lazima anazijua njia zote za shambulio hilo kwa sababu amezifanyia kazi usiku mwingi. Lakini damu ikamchemka. Akaona uwezo wake unajaribiwa na mtu ambaye, kwa rekodi yao, alikuwa na kila sababu ya kumwogopa. Akasema heshima inamdai ale.

Heshima, wakuu. Mtu anayesifiwa kwa kucheza kama mashine anakula kitunda kwa ajili ya heshima. Ila aliongeza kitu ambacho watu wanakisahau: aliamini kwamba nafasi yake inalindika. Kwa hiyo si kiburi kitupu, ni kiburi kilichopiga hesabu.

10. farasi anakula e5, farasi anakula farasi
11. ngome inakula e5, farasi anarudi f6
12. ngome inarudi e1, askofu d6
13. h3, farasi g4

Simameni hapo kwenye 13. Capa kaweka h3 ili farasi asije g4. Farasi kaja g4 hivyohivyo, kaketi mdomoni mwa kitunda. Huo ni ujeuri wa kiwango cha juu.

Sasa hesabuni watu wa upande wa malkia wa mweupe: ngome ya a1, farasi wa b1, askofu wa c1. Wote bado nyumbani, hata viatu hawajavaa. Hicho ndicho Marshall alichonunua kwa kitunda kimoja.

---

BintiTanga

Naongezea kwa wanaojifunza: tatizo la mweupe lilianza kwenye c3. Si hatua mbaya, inaandaa d4 na inampa askofu wa b3 mlango wa kutokea. Lakini ni hatua ya polepole, na inamnyang'anya farasi wa b1 mraba wake mzuri wa c3. Marshall alisubiri hatua hiyohiyo ndipo akapiga d5.

Na tafadhali mtu asiniambie "ale farasi wa g4". Kila mwanafunzi wangu anataka kumla.

---

Nyali Boy

Mimi nilitaka kumla, haha. Kwani kuna nini?

Alafu mleta mada umesahau story yenyewe. Marshall aliificha hii silaha MIAKA TISA. Tangu achapwe 1909 alikuwa anaifanyia kazi chumbani, hamwonyeshi mtu, anamngoja Capa peke yake. Huyo ndiye mwanaume. Mimi wiki moja tu nikijifunza kitu lazima nimpige nacho mdogo wangu.

---

Kitunda wa Saba

Nyali, hadithi ya miaka tisa nakuja nayo. Kwanza mchezo.

14. malkia f3. Capa hamli farasi. Malkia anaitazama f7 akisaidiana na askofu wa b3, na papo hapo anaitazama ngome ya a8 kwa mshazari mrefu. Marshall hajali. Malkia h4. Kula ngome yangu ukitaka.

Mweupe akila ile ngome: malkia mweusi anakula f2 cheki, mfalme anakimbilia h1, malkia anakula ngome ya e1, chekimeti. Mfalme hana pa kwenda, h2 inalindwa na askofu wa d6 aliye kule mbali. Hatua mbili tu na mchezo umekwisha.

15. d4. Naipenda hatua hii kuliko zote. Moto unawaka jikoni, yeye anafungua dirisha la sebuleni. Askofu wa c1 sasa anapumua. Kama unataka f2, chukua.

15... farasi anakula f2.

---

BintiTanga

Hapa naomba nishike chaki, maana mraba huu wa f2 nimeufundisha mpaka nimekonda.

Farasi mweusi yuko f2. Malkia mweupe wa f3 anaweza kumla. Kwa nini Capa hakumla?

Tuseme amla. Wengi wanadhani jibu la mweusi ni askofu g3, anamshambulia malkia huku amekingwa na malkia wa h4. Jaribuni. Malkia mweupe anakula f7 cheki! Ngome ikimla malkia, ngome nyeupe inashuka e8, chekimeti. Ile ngome nyeusi ya f7 haiwezi kurudi f8 kuziba, kwa sababu askofu wa b3 ameipigilia msumari kwa mfalme wake, yaani ikiondoka kwenye mshazari ule mfalme analika. Mweusi aliyekuwa anashambulia amekufa yeye.

Kwa hiyo mweusi anatanguliza askofu h2 cheki. Mfalme hawezi kumla huyo askofu, maana akitoka tu malkia wa f2 anabaki bila mlinzi. Inabidi aende f1. HAPO SASA ndipo askofu anarudi g3. Mweupe akijaribu ujanja uleule, malkia kula f7, ngome nyeusi inamla malkia na ulaji huo ni cheki, kwa sababu mfalme amesogea mstari wa f. Kete iliyopigiliwa msumari bado inatoa cheki. Mweupe hana nafasi ya kushuka e8.

Tofauti ya kifo na uzima ni mfalme kuwa g1 au f1. Capa aliyaona haya mezani, saa inatembea, mbele ya mtu aliyekuja na majibu kutoka nyumbani. Akacheza 16. ngome e2.

---

Mzee wa Drafti

Binti umenifanya nitoe ubao wa mjukuu kabatini. Nimerudia mara tatu. Kweli kabisa, cheki inarudi. Lo.

---

Kitunda wa Saba

BintiTanga ahsante, mimi ningeandika kurasa mbili nisieleweke.

Tuendelee kwa kasi, hapa ni mvua ya mawe:

16. ngome e2, askofu g4
17. h3 inakula askofu, askofu mwingine h2 cheki
18. mfalme f1, askofu g3
19. ngome inakula farasi wa f2, malkia h1 cheki
20. mfalme e2, askofu anakula ngome
21. askofu d2

Vumbi likitua kidogo hesabu iko hivi: mweupe ametoa ngome moja, amepata askofu na farasi. Vitunda sawa, sita kwa sita. Kwa hesabu ya dukani mweupe yuko mbele. Kwa macho, mfalme wake yuko katikati ya uwanja amevaa msuli.

21... askofu h4
22. malkia h3, ngome ya a8 inakuja e8 cheki
23. mfalme d3, malkia f1 cheki
24. mfalme c2

Fuateni safari ya mfalme: g1, f1, e2, d3, c2. Amevuka ubao kwa miguu, risasi zinapita juu, na mwisho kaingia nyumbani kwa upande wa malkia ambako ngome, farasi na vitunda walikuwa hawajaamka. Watu walewale niliosema hawajavaa viatu ndio waliomficha. Sijui kama Capa aliliona hilo tangu hatua ya 10, na sitaki kujifanya najua.

24... askofu f2
25. malkia f3, malkia g1
26. askofu d5

Tazameni malkia na askofu wa Marshall: g1 na f2. Wako ndani kabisa ya nchi ya adui na hakuna mtu wa kumkamata. Ni kama kuvamia nyumba ukakuta wenyewe wamehamia jirani.

---

Ngome Mbovu

"Wamehamia jirani" 😂😂

Sasa nisimulie yangu. Mashindano ya wikiendi, sitayataja, ukumbi wa shule moja, ubao wa plastiki unaojikunja pembeni. Nimepangwa na dogo wa kidato cha tatu. Kete nyeupe. Nacheza Kihispania changu kwa raha, nafika c3, dogo anasukuma d5 bila hata kuuangalia ubao. Alikuwa anafyonza juisi ya boksi kwa mrija, ile sauti ya mwisho ya boksi tupu, srrrp, srrrp.

Nikakaa. Nikafikiri dakika karibu ishirini na tano. Nilikuwa najua jina la Marshall, nilikuwa sijui kitu kingine chochote. Nikala.

Dogo hakurudisha farasi f6 kama Marshall. Aliweka c6. Nikasema ah, huyu hajui. Nikaenda d4, askofu wake d6, ngome yangu e1, malkia wake h4, nikaziba kwa g3, malkia h3. Kuanzia hapo kila hatua yangu ilikuwa dakika tano, yake sekunde tano. Sikufa kwa chekimeti. Saa ndiyo iliyonila, bado nina kitunda cha zaidi ubaoni.

Aliniambia pole shikamoo. Hiyo shikamoo ndiyo iliyoniuma.

---

Kitunda wa Saba

Pole mkuu, ila dogo alikuwa anajua kila kitu. Hiyo c6 ndiyo dawa yenyewe, na Marshall ndiye aliyeileta baada ya kipigo. Mwaka 1918 alimrudisha farasi f6, farasi akakimbilia g4, shambulio likawa la kasi lakini kituo cha ubao kikabaki wazi, hakuna kete yake pale. Kwa c6 farasi anabaki d5 kama nguzo, askofu anakuja d6 akiisumbua ngome, malkia anakwenda h4 halafu h3. Hakuna haraka. Mweusi ametoa kitunda na anakaa kama mtu anayesubiri kodi.

Nimalizie mchezo. Capa hakuwafukuza wale wavamizi, aliwaacha walivyo akatembeza vitunda upande wa pili:

26... c5
27. d4 inakula c5, askofu anakula c5
28. b4, askofu d6
29. a4, a5
30. a4 inakula b5, a5 inakula b4
31. ngome a6

Ngome ya a1 imesogea kwa mara ya kwanza, HATUA YA 31.

31... b4 inakula c3
32. farasi anakula c3

Na farasi wa b1 hatua ya 32. Sijawahi kuona usingizi wa faida kama huu.

32... askofu b4
33. b6, askofu anakula farasi
34. askofu anakula askofu, h6
35. b7, ngome e3
36. askofu anakula f7 cheki.

Capa akatangaza chekimeti ndani ya hatua 5. Mfalme akienda h7, malkia f5 cheki, mfalme h8, ngome inakula h6 na kitunda cha g7 hakiwezi kuila kwa sababu askofu wa c3 amekipigilia. Ngome ikila f7, kitunda cha b7 kinakuwa malkia kwa cheki. Mnaoniulizaga maana ya jina langu humu, ni huyo wa b7.

---

Nyali Boy

Sawa sawa, mchezo mtamu. Lakini bado, miaka tisa anaficha halafu anafungwa? Hiyo story inaumiza.

---

BintiTanga

Nyali, mimi hiyo hadithi siinunui yote.

Moja: kati ya 1909 na 1918 hawa watu hawakukaa mbalimbali. Walikuwa wote kwenye mashindano ya San Sebastián 1911, Havana 1913, St Petersburg 1914. Marshall hakuwa amejifungia akimngoja bwana harusi. Na Havana 1913 Marshall alimaliza wa kwanza, akamfunga Capa mchezo mmoja kati ya yao, mbele ya watu wa Capa, nyumbani kwa Capa. Mtu huyo hahitaji siri ya miaka tisa.

Mbili: wazo la kutoa kile kitunda cha e5 halikuzaliwa 1918. Lilishaonekana Havana 1893, kwenye mchezo wa Walbrodt na Conill.

Tatu: Marshall ni mtu ambaye hadithi zinamganda. Mwaka 1912 kule Breslau alimfunga Levitsky kwa kuweka malkia g3 ambapo analika na kete tatu tofauti, na inasemekana watazamaji walitupia ubao sarafu za dhahabu. Hatua ni ya kweli, ipo kwenye rekodi. Sarafu kila mtu anasimulia na zake.

Kwamba aliandaa nyumbani, ndiyo, Capa mwenyewe alikiri. Kwamba ni miaka tisa kamili kama mtu anayetumikia kifungo, hapana.

---

Nyali Boy

Teacher umeniharibia. Mimi nitaendelea kuisimulia vilevile, kule kwetu baraza haitaki tarehe, inataka utamu.

---

BintiTanga

Simulia, ila ukifika kwangu lipa faini ya kahawa.

---

Mzee wa Drafti

Nina swali la mtu wa nje. Huyu Marshall amefungwa. Ameonyesha mtego wake wote, mwenzake kautegua mezani. Sasa mbona ufunguzi unaitwa kwa jina lake? Kwetu mtu akifungwa na mtego wake mwenyewe anaitwa jina lingine, siwezi kuliandika hapa.

---

Kitunda wa Saba

Mzee, hilo ndilo lililonikalia rohoni tangu nianze kuutazama mchezo huu.

Capa alishinda mashindano yale, Kostić akawa wa pili. Miaka mitatu baadaye, 1921, akawa bingwa wa dunia. Hakufungwa tena mpaka Réti alipomfunga 1924, hapohapo New York. Lakini Oktoba ile aliyeacha jina ubaoni ni aliyefungwa. Linaitwa Shambulio la Marshall mpaka leo, hakuna anayesema Ulinzi wa Capablanca.

Sababu naiona hivi. Capa alithibitisha kwamba yeye anaweza kunusurika. Hakuthibitisha kwamba wewe na mimi tunaweza. Waliobaki walirudi nyumbani wakasema, huyu ni Capa, mimi je? Wakaichukua ile d5.

Spassky aliitumia dhidi ya Tal kwenye fainali ya wagombea, ile ya kumpata wa kumkabili bingwa wa dunia, Tbilisi 1965. Tal, yule mchawi wa mashambulizi, alijikuta upande wa kushambuliwa, hakuivunja. Kasparov mwaka 1993 dhidi ya Short alikuwa anapita njia ya panya, a4 kwenye hatua ya 8 badala ya c3, ili asiione kabisa. Bingwa wa dunia anazunguka mtaa asikutane na mtu aliyefungwa 1918.

---

Ngome Mbovu

Na Brissago 2004 mkuu, usiiache.

---

Kitunda wa Saba

Brissago, Uswisi, Kramnik na Leko, ubingwa wa dunia. Mchezo wa 8, Leko ana kete nyeusi, anacheza Marshall. Kramnik safari hii ndiye aliyekuja na kitu kilichopikwa nyumbani, kompyuta na wasaidizi wameshakipitia. Anaingia kwenye sadaka ya malkia akiamini imepimwa. Leko anafikiri mezani, anapata malkia d3, na mapishi yote yanageuka mkaa. Kramnik alifungwa siku ile, akaja kusawazisha mchezo wa 14, wa mwisho kabisa, akabaki na taji kwa 7 kwa 7.

Yaani ni 1918 imegeuzwa chini juu. Safari hii aliyepika ni mweupe, aliyepikua mezani ni mweusi, na ufunguzi ni uleule.

---

Mzee wa Drafti

Haya. Mimi bado nasimamia neno langu, singekula. Kitunda wa Saba, leo saa tatu usiku upo? Mjukuu ameniwekea hiyo programu. Mimi nyeupe. Tucheze njia ileile ya 1918, nione utanifanya nini.

---

Kitunda wa Saba

Nipo mzee wangu. Ukifika hatua ya 10 uko huru kukataa.

---

Nyali Boy

Wekeni matokeo hapa, tusidanganyane.

---

Mzee wa Drafti

Nimekula.

Sijui ilikuwaje. Kilikuwa pale, cheupe... yaani cheusi, peke yake, mkono ukaenda. Miaka arobaini ya drafti, mkono umezoea.

Halafu nikafika ile 13, kaniletea farasi g4. Nikakumbuka Binti kasema asiliwe. Nikasema Binti anafundisha watoto, mimi mtu mzima. Nikamla.

Malkia wake h4. Nikaziba g3. Askofu wake akala g3, nikamla askofu. Sasa nina farasi wake na askofu wake mkononi, namwambia mjukuu njoo uone babu. Malkia akala g3 cheki, nikaenda h1, yule askofu mwingine akala g4. Nikamsogeza malkia wangu c2 awe salama.

Hatua ya 18, askofu f3.

Mjukuu anauliza mbona babu huchezi.

---

BintiTanga

😂 Mzee, ungeenda f1.

---

Mzee wa Drafti

Nimejaribu f1 baada ya hapo, yeye kalala, nacheza na mjukuu. Nimekufa kwa mjukuu pia.